Fundi bomba dhidi ya kalunguyeye

Silaha kuu ya Mario ni miguu yake. Anaruka, anatua kichwani mwa adui, na adui anabaki bapa kama chapati. Hivyo ndivyo alivyowamaliza uyoga wenye miguu na kobe wengi tangu Super Mario Bros. ilipotoka mwaka 1985. Lakini ndani ya gemu hilohilo yumo kobe mmoja asiyekanyagika. Mgongo wake ni miiba mitupu, na anayemrukia ndiye anayeumia. Sasa msimamishe Mario mbele ya Sonic, ambaye ni kalunguyeye, yaani mnyama mwenye miiba kuanzia utosini hadi kiunoni. Ubishi uliodumu zaidi ya miaka thelathini unapata jibu lake la kwanza kabla hata ngumi haijarushwa.

Hilo ni jibu la kwanza tu. Wanaobishana juu ya hawa wawili kwa kawaida hutaja nani mkali, nani anang'aa, nani alimfurahisha zaidi utotoni. Mimi nataka kuwapima. Na wanapimika, tena kwa usahihi ambao daktari wa michezo angeuonea wivu, maana nguvu za miguu yao ni namba zilizoandikwa ndani ya programu, na wapenzi wa gemu wamekwisha kuzifungua programu hizo na kuzisoma mstari kwa mstari.

Kwanza tuwafahamu wapiganaji. Mario alizaliwa mwaka 1981 katika gemu la Donkey Kong la kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani, kampuni iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Mchoraji wake ni Shigeru Miyamoto. Enzi hizo alikuwa seremala, hajawa fundi bomba bado, na hata masharubu yake hayakuwa urembo: pikseli zilikuwa chache mno kuchora mdomo, kwa hiyo akapewa masharubu, na kofia ikamwokoa mchoraji na kazi ya nywele. Sonic alikuja miaka kumi baadaye, Juni 1991, akiwa ametumwa. Kampuni ya Sega ilitaka mtu wa kumng'oa Mario kwenye kiti chake. Naoto Ohshima akamchora, Yuji Naka akaandika programu, na rangi yake ya buluu ikaoana na nembo ya kampuni. Mashine ya Sega, Mega Drive, ilikuwa na prosesa inayokwenda kwa megahezi 7.6, wakati Super Nintendo ya mshindani ilifika 3.58. Kulinganisha prosesa mbili za aina tofauti kwa namba hizo peke yake si haki, lakini matangazo ya biashara hayajawahi kujali haki. Sega waliuza kasi, na Sonic alikuwa kasi yenye viatu vyekundu.

Tuje kwenye vipimo. Kwenye skrini hakuna mita, kuna pikseli, na picha hubadilika mara 60 kila sekunde. (Wenye mashine za Ulaya walipata picha 50 tu, kwa hiyo Sonic wao alikuwa mzito kwa asilimia kama 17, na wengi walikua bila kujua.) Mario aliyekwisha kula uyoga unaomkuza ana pikseli 32 toka kisigino hadi kofia. Nampa urefu wa sentimita 160 na kilo 70, mwili wa kawaida wa fundi anayependa kula. Pikseli yake moja basi ni sentimita 5. Sonic ametajwa na Sega wenyewe kuwa na sentimita 100 na kilo 35, na kwenye gemu la 1991 akisimama ana pikseli kama 40. Pikseli yake ni sentimita 2.5. Usiponikubalia vipimo hivi, chukua kalamu uweke vyako. Hesabu haitakukatalia.

Mbio ndizo zinazoshangaza. Mario akishikilia kitufe cha kukimbia huenda karibu pikseli 2.5 kwa kila picha, yaani mita 7.5 kwa sekunde, kilomita 27 kwa saa. Sonic kwenye tambarare hufika pikseli 6, yaani mita 9 kwa sekunde, kilomita 32 kwa saa. Usain Bolt alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009, wastani wake ulikuwa kilomita 37.6 kwa saa. Naam. Kiumbe aliyepewa jina la sauti, ambayo hewani hukata mita 343 kila sekunde, angeachwa na Mjamaika. Anachomzidi Bolt ni pumzi tu: Sonic hachoki, na kwa mwendo huohuo angemaliza marathoni kwa saa 1 na dakika 18. Mario angemfuata kwa saa 1 na dakika 34. Eliud Kipchoge, alipovunja ukuta wa saa mbili kule Vienna mwaka 2019, alitumia saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na ilibidi watu wamkinge upepo.

Mbona basi Sonic anaonekana kama risasi? Kwa sababu skrini ni dirisha dogo. Kinachopita mbele ya dirisha la matatu kwa mwendo wa wastani nacho huonekana kinaruka. Isitoshe, Sonic akijiviringisha mteremkoni ile namba 6 haimfungi tena. Anaweza kufika 16, ambayo ni mita 24 kwa sekunde, kilomita 86 kwa saa. Kasi yake halisi ni mali ya kilima.

Kwenye kuruka mambo yanageuka, na hapa nataka tukae kidogo.

Galileo alifundisha kwamba kitu kinachoanguka huongezewa kasi ileile katika kila kipande sawa cha muda. Prosesa ya Famicom, mashine ya Nintendo iliyoendesha gemu la 1985, haikuwa na amri ya kuzidisha wala ya kugawanya, lakini kwa fundisho hilo haikuzihitaji. Kila moja ya sitini ya sekunde, programu inaongeza namba ndogo kwenye kasi ya Mario ya kwenda chini, basi. Kuongeza tu. Namba hiyo ndogo ndiyo mvutano wa dunia yake, na walioiandika waliichagua kama mpishi anavyochagua chumvi, kwa ulimi.

Mario akiruka kutoka kusimama, huondoka ardhini kwa mita 12 kwa sekunde. Mchezaji akiendelea kubana kitufe, mvutano unaomrudisha chini ni mita 22.5 kwa sekunde kila sekunde, mara 2.3 ya ule wetu, karibu na ule wa sayari ya Mshtarii. Anapanda mita 3.2. Akianza kushuka, au mchezaji akiachia kitufe, mvutano unabadilika ghafla na kuwa karibu mita 79, mara nane ya huu unaokukalisha kwenye kiti chako sasa hivi. Hakuna sayari inayozunguka Jua letu yenye mvutano wa namna hiyo. Mario anapanda akiwa Mshtarii na kushuka akiwa mahali pasipo na jina. Kidole gumba cha mtoto kinabadilisha kanuni ya ulimwengu, na mtoto mwenyewe anahisi tu kwamba "inaruka vizuri". Angeshuka polepole kama alivyopanda, tungemwona anaelea kama mfuko wa nailoni.

Sonic ni mnyoofu zaidi. Mvutano wake ni mmoja, kupanda na kushuka: mita 19.7 kwa sekunde kila sekunde, kama mara mbili ya wa Dunia. Huondoka ardhini kwa mita 9.75 kwa sekunde na nyayo zake hufika mita 2.4. Mkuba Javier Sotomayor alivuka upau wa mita 2.45 mwaka 1993, ingawa yeye aliukunja mwili juu ya upau na hakulazimika kuinua nyayo zote mbili hadi pale.

Kwa hiyo kila shujaa anatembea na mvutano wake mfukoni. Ukiuliza nani atashinda, inabidi kwanza useme wanapigania wapi. Ndani ya ulimwengu wa Mario, Sonic angejikuta anaporomoka kama jiwe. Ndani ya ulimwengu wa Sonic, Mario angepaa hewani akapitiliza. Uwanja wa haki ni mmoja tu, usio wa Nintendo wala wa Sega: huu wetu, wenye mita 9.8.

Walete basi duniani na miguu yao ileile. Mario anaruka mita 7.3, juu ya paa la nyumba ya ghorofa moja. Sonic anafika 4.8. Mwamuzi asiyejua hesabu angempa Mario ushindi papo hapo. Lakini kupaa huko kunamgharimu Mario sekunde 2.45 angani, na Dunia haimpi kitu alichozoea nyumbani kwake, yaani kugeuza njia akiwa hewani. Ndani ya gemu unabonyeza kushoto naye anarudi kushoto bila kusukuma kitu chochote. Newton hakubali. Huku kwetu, mtu akishaachana na ardhi mahali atakapotua pameshaamuliwa, labda awe na mabawa. Sonic anaitazama njia ya Mario toka mwanzo, anaanza kukimbia kutoka kusimama, na hadi nyayo za Mario zinagusa chini yeye yuko mita 12 mbali. Silaha kuu ya fundi bomba imepiga mchanga.

Imebaki kugongana uso kwa uso. Hapo kinachohesabiwa ni kilo zikizidishwa kwa kasi, ile ambayo walimu wa fizikia huiita momentamu. Mario akija mbio ana 70 mara 7.5, ambayo ni 525. Sonic wa 1991 kwenye tambarare ana 35 mara 9, ambayo ni 315. Wakigandana, wote wawili wanasogea upande wa Sonic kwa mita 2 kwa sekunde. Mzigo umeshinda mwendo. Ila mwaka 1992, katika Sonic 2, akafundishwa kujiviringisha papo hapo kama pia na kufyatuka bila kuhitaji kilima. Akifyatuka kwa nguvu zote anapata mita 18 kwa sekunde, na 35 mara 18 ni 630. Sasa wanasogea upande wa Mario, kwa mita 1 kwa sekunde. Pambano zima limegeuka kwa mbinu moja iliyoongezwa baada ya mwaka mmoja.

Na tusisahau miiba, kwa kuwa kalunguyeye si hadithi ya Wajapani peke yao. Yupo Kenya, Tanzania na Uganda, hutoka usiku kutafuta wadudu, na wengi humchanganya na nungunungu, ambaye ni mnyama mwingine kabisa na miiba yake hung'oka. Miiba ya kalunguyeye haing'oki hovyo. Ni keratini, kitu kilekile cha kucha zako, na ndani ina uwazi, kwa hiyo inapinda kidogo na kupunguza kishindo anapoanguka. Chini ya ngozi ana msuli wa duara unaojikaza kama kamba ya mdomo wa mfuko, na hapo kichwa na miguu vinatoweka. Mario akitua juu ya mpira huo kwa mita 12 kwa sekunde, yeye mwenyewe ndiye nyundo na yeye mwenyewe ndiye anayepigiliwa. Ushauri wangu kwake ni ua la moto, linalompa matufe ya moto ya kurusha: katika gemu la 1985 yule kobe wa miiba, asiyekanyagika, huanguka kwa tufe moja la moto.

Kuna jambo ambalo kalunguyeye halisi angelicheka. Sonic hawezi kuogelea. Akizama majini ana sekunde 30, kisha amekufa. Naka aliamini kwamba kalunguyeye hawaogelei, na kumbe wanaogelea. Mario wa 1985 huogelea bila kuvuta pumzi hata mara moja.

Wawili hawa walikutana katika gemu moja kwa mara ya kwanza mwaka 2007, si kupigana bali kushindana katika michezo ya Olimpiki, baada ya Sega kuacha kutengeneza mashine na kubaki wauza gemu. Ngumi zilikuja mwaka 2008 katika Super Smash Bros. Brawl. Ukiifungua programu ya mfululizo huo utakuta kwamba hata humo, jukwaani pamoja, kila mmoja amepewa namba yake ya mvutano. Miaka yote ya ubishi, na bado hawajawahi kusimama juu ya ardhi moja.

Hukumu yangu ni hii. Nchi kavu nampa Sonic, mradi awe yule wa 1992 na Mario asiwe na ua la moto mkononi. Mkiwapeleka baharini nampa Mario, na pambano halitazidi nusu dakika.