KUFUFUA LAND ROVER ILIYOLALA MIAKA MINGI

Tuseme, ndugu mkulima, una shemeji yako anayekaa Shika Adabu, na nyuma ya nyumba yake, chini ya mkorosho, imesimama Land Rover ya zamani. Haijawashwa kwa miaka kumi na mitano. Kuku hutaga ndani yake. Shemeji asema, "Lichukue gari hili kwa bei ya ng'ombe mmoja, likubebee machungwa huko shambani kwako." Je, ulichukue?

Wako wakulima waliopata gari la kazi kwa njia kama hii. Wako pia waliouza ng'ombe wa pili na wa tatu kumfuata yule wa kwanza, na gari lisifike hata sokoni. Tofauti yao haikuwa bahati. Ni mambo waliyoyatazama, au wasiyoyatazama, kabla ya kutoa fedha.

Gari lenyewe ni la namna gani

Land Rover ilianzia shambani. Bwana Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na baada ya vita vya pili vya dunia alikuwa akilitumia Jeep la Wamarekani kwa kazi zake. Akaona afadhali kampuni yake itengeneze gari lake la mkulima. Lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Namna ya kwanza ilitengenezwa mpaka 1958, ya pili ikafuata, ikatengenezwa pamoja na mageuzi yake mpaka 1971, na ya tatu ikaendelea mpaka 1985. Baadhi ya hizo za tatu ziliunganishwa hapa hapa Kenya, katika kiwanda cha Thika.

Ukitaka kukisia umri wa gari lililo mbele yako, tazama taa kubwa za mbele. Zikiwa zimekaa katikati, kando ya rejeta, gari ni la kabla ya 1970 au karibu na hapo. Zikiwa kwenye madigadi, ni la baadaye.

Baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo bodi ya gari hili ilifanywa kwa aluminiamu. Jambo hilo limewadanganya watu wengi wa pwani. Mtu huona bodi haina kutu, akasema gari ni zima. Lakini bodi hiyo imepandishwa juu ya chasisi ya chuma, na chasisi hiyo ni mfano wa sanduku refu lenye uwazi ndani. Mvuke wa chumvi wa baharini huingia, mchanga na matope huingia, na kutu huanza ndani ambako jicho halifiki. Nje utaona rangi nyeusi safi kabisa, na kumbe ni ganda tu.

Anza na nyundo, usianze na injini

Kwa hiyo siku ya kwanza usimwombe shemeji funguo. Mwombe nyundo ndogo. Lala chini ya gari, ukiwa umeliwekea magogo imara na si jeki peke yake, ugonge chasisi kidogo kidogo kutoka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilichooza hutoa sauti ya debe lenye mchanga, na pengine nyundo itazama. Gonga zaidi kwenye boriti ya nyuma inayofungiwa trela, mahali springi zinaposhikwa, na mikono midogo inayotoka ubavuni kushika bodi. Kisha inua mikeka ndani ya gari utazame sakafu ya miguu ya dereva. Ukuta ule ulio kati ya injini na dereva ni wa chuma, nao huoza pembeni chini.

Boriti ya nyuma ikiwa imeoza peke yake, fundi mzuri wa kuchomelea ataikata na kuweka nyingine. Mikono ya ubavuni pia hubadilishwa. Lakini ukikuta matundu mahali springi zinaposhikwa, na mengine katikati, na mengine mbele, mwambie shemeji asante, umwachie kuku nyumba yao. Injini mbovu hutengenezeka shambani kwa spana na subira. Chasisi iliyooza yote hudai gari livunjwe lote. Uingereza wako watu wanaotengeneza chasisi mpya zilizopakwa zinki, lakini gharama ya kuleta moja mpaka Mombasa si hesabu ya mkulima wa machungwa.

Kuna ugonjwa mwingine wa pwani. Aluminiamu na chuma vikigusana na kulowana maji ya chumvi, hufanya kazi kama betri ndogo, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka bolti na ribiti. Unga huo usikutishe, lakini ukiondoa bolti, safisha mahali pale na uweke kipande cha mpira au rangi nzito kati ya vyuma viwili kabla ya kurudisha.

Karatasi zake

Chasisi ikikubali, uliza karatasi. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia karibu na springi. Piga brashi ya waya mpaka uisome, uilinganishe na kitabu cha gari. Zisipolingana, au ikiwa kitabu kina jina la marehemu na mirathi haijafanywa, usitoe hata shilingi mpaka jambo hilo limalizwe na NTSA. Gari lisiloweza kuandikishwa kwa jina lako halipati bima, na bila bima haliruhusiwi kuingia barabarani.

Kuamsha injini

Sasa umelinunua. Kabla ya kutia mkono popote, fungua boneti na upige bodi kwa fimbo, kisha ungoje. Nyigu, panya na nyoka hupenda sana gari lililolala.

Injini ya petroli inayopatikana zaidi ni ya silinda nne, ujazo wa sentimita 2,286. Ndani ya silinda pistoni zimekaa mahali pamoja miaka mingi, na ringi zake huenda zimeshikana na ukuta kwa kutu. Ukitia betri na kupiga stata, utavunja ringi. Ukilivuta kwa trekta huku limetiwa gia, ni vibaya zaidi, maana nguvu ya trekta haijui huruma.

Ondoa plagi zote nne. Mimina katika kila tundu kijiko kikubwa kimoja cha oili nyepesi, uache siku mbili au tatu, ukiongeza kidogo. Gari hili lilikuja na chuma cha kuzungushia injini kwa mkono kutoka mbele. Kikiwa kimepotea, fundi atakutengenezea. Hakikisha gia imetolewa, ushike chuma hicho na kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, kisha uzungushe polepole. Gumba likizunguka chuma, injini ikirusha nyuma itakuvunja mkono. Ikigoma, usilazimishe. Tia oili tena, rudi kesho.

Ikizunguka, mwaga oili ya zamani na utie mpya, kama lita 6 na kidogo ya chujio. Petroli ya miaka kumi na mitano si petroli tena. Imegeuka kitu kama varnishi, yenye harufu kali. Imwage yote mbali na moto, na tangi lisichomelewe kamwe, hata likiwa tupu, kwani mvuke uliobaki hulipuka. Kwa jaribio la kwanza tumia chombo kidogo safi na mpira mpya. Fungua kabureta uisafishe. Safisha pointi za distributa kwa msasa laini, nafasi yake iwe milimita 0.35 mpaka 0.40. Waya za plagi zifuate mpango wa 1, 3, 4, 2.

Betri nayo ina mtego. Magari mengi ya kabla ya 1967 hufungwa upande wa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Fundi kijana ataifunga kwa mazoea yake na kuharibu vitu. Tazama waya uliopo kabla hujamwita.

Rejeta ijaze maji ya mvua. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya munyu, nayo yatakula injini kwa ndani kama yalivyokula ndoo zako.

Ikiwaka, utaona moshi mwingi wa oili ile uliyomimina. Ngoja. Ikiwa taa ya oili haizimiki baada ya sekunde chache, zima mara moja. Huenda pia ukakuta klachi imeshikana kwa kutu na gia hazikubali kuingia. Pasha injini moto, izime, kisha ukandamize pedali ya klachi kwa mti ulioegemezwa kwenye kiti, uache usiku mzima. Mara nyingi huachia.

Breki ndizo zitakazokuua au kukuokoa

Hapa ndipo wengi hukosea. Injini ikishawaka, moyo hufurahi, watoto hupanda nyuma, na gari hutoka barabarani. Ndugu mkulima, gari linalowaka na lisilosimama ni hatari kuliko lile la kuku.

Breki za magari haya ya zamani hutumia mafuta yanayosukumwa kwa pedali mpaka kwenye magurudumu yote manne kwa njia moja tu. Gari la leo lina njia mbili. Moja ikipasuka, nyingine hubaki. Land Rover ya miaka ya 1960 haina. Mpira mmoja ukipasuka katika gurudumu moja, pedali huzama mpaka chini na magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja. Na mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani, kwa hiyo baada ya miaka kumi na mitano silinda ndogo za magurudumu zimepata kutu na mipira yake imekauka.

Usijaribu kuokoa kitu hapa. Badilisha mipira yote mitatu inayopinda, silinda za magurudumu, silinda kuu, na bomba lolote la chuma lenye kutu. Vumbi la ndani ya ngoma za breki usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu, kwa sababu breki za zamani zilikuwa na asbesto, nayo huleta ugonjwa wa mapafu na saratani. Lowesha kwa maji na ufute kwa kitambaa cha kutupa.

Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika shafti nyuma ya giaboksi. Oili ikivuja hapo, breki hiyo haishiki kitu. Fikiri juu ya mteremko wa kivukoni Likoni, ukiwa umebeba gunia ishirini, lori mbele yako na watu wa miguu pande zote. Wenyeji hawajasahau mwezi wa Septemba 2019, gari dogo liliporudi nyuma kutoka kwenye feri na kuzama pamoja na mama na mtoto wake. Breki zako zisipothibitishwa na fundi, usikaribie feri. Kupeleka gari lililokufa gereji za Changamwe, pita Ng'ombeni ufuate barabara ya Dongo Kundu mpaka Miritini, likiwa juu ya lori na si kwa kamba.

Matairi vile vile yasikudanganye kwa meno yake. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2309 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi la namna hiyo lifanye kitanda cha miche.

Hesabu ya mwisho kabla ya kazi

Gari hili hula petroli: lita moja kwa kilomita 5 au 6. Ikiwa njia yako ni lami mpaka sokoni Kongowea, gari dogo la kawaida litabeba machungwa yako kwa nusu ya mafuta hayo. Lakini kama unakaa ng'ambo ya mto, na masika hukufungia mazao mpaka yaoze, basi hapo Land Rover haina mwenzake. Sukuma chini kitufe cha manjano, magurudumu yote manne yavute. Ukihitaji nguvu zaidi, simamisha gari kwanza, kisha tumia mkono mwekundu. Kwenye lami kavu rudisha magurudumu mawili, la sivyo utavunja gia.

Safari za kwanza beba nusu ya mzigo. Kila jioni tazama chini ya gari kama kuna tone, na uguse kila gurudumu. Lililo moto kuliko mengine lina breki inayoshika. Baada ya kilomita 500 kaza nati za springi na za magurudumu, na umwage oili ikiwa bado moto, kwenye debe na mbali na kisima. Oili hiyo chafu mpe fundi aipulize ndani ya chasisi kabla mvua haijaanza.