Mtoto Akiunguza Minazi ya Jirani, Nani Alipe?

Wakati wa kaskazi, majani yakiwa makavu, watoto wa Diani na Msambweni hupenda kuchoma korosho porini. Ganda la korosho lina mafuta, nayo huwaka kwa ghafula. Upepo ukivuma, moto huvuka mpaka ukala minazi michanga ya jirani.

Tuseme mtoto ana miaka 9. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 yasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Basi jirani asimpige. Kiboko hakirudishi mnazi. Wala mzazi halipi kwa sababu ya uzazi tu: huulizwa kama alizembea. Nani alimwachia kiberiti? Nani alimtuma kuchunga mbuzi bila mtu mzima? Mzazi aliyefanya hivyo, deni ni lake.

Ugomvi mkubwa huwa katika hesabu. Wengine hupeleka miche mipya wakadhani wamemaliza. Lakini mnazi mrefu wa pwani huanza kuzaa baada ya miaka 6 hivi au zaidi. Aliyeunguliwa na mnazi wa miaka 4 amepoteza na miaka 4 ya kupalilia. Nendeni shambani pamoja na mzee wa mtaa, mhesabu shina kwa shina kabla ya kung'oa cho chote.

Tena ulizeni minazi ni ya nani. Huku kwetu ardhi yaweza kuwa ya huyu na minazi ya yule. Mkimlipa mwenye ardhi, mwenye minazi atabisha hodi kesho yake.