Baina ya Ndege Mbili: Tuwape Wasafiri Wetu Saa za Kutosha



Ni nadra siku hizi, kuanzia Tiwi hadi Vanga, kuikuta nyumba isiyo na mtu wake ughaibuni. Huyu ana binti Riyadh anayefanya kazi za nyumbani, yule ana mwana Doha, mwingine ana kaka Uingereza aliyeoa huko na kuzaa huko. Mja akija likizo, akirudi kutoka Umra au akiitwa na msiba, sisi tulio nyumbani ndio tunaosema: "Njoo leo leo." Na mara nyingi ni sisi tunaomtafutia ile tiketi ya mwisho, ya kumtoa Nairobi na kumleta Pwani. Makala haya ni juu ya tiketi hiyo, na juu ya saa tunazozikata baina yake na ile iliyotangulia.

Tuanze na yaliyotufika wenyewe. Dada yetu mkubwa aliugua Msambweni, na binti yake wa pekee alikuwa Doha. Tulipoona hali imekuwa nzito tulimpigia simu aombe ruhusa kazini. Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa tiketi moja ya kuondoka usiku, kupitia Addis Ababa na kuteremkia Mombasa mchana. Ya pili ilikuwa tiketi ya kuondoka asubuhi hadi Nairobi, kisha tiketi nyingine, ya shirika jingine, ya kumfikisha Ukunda. Hii ya pili ilipungua bei kwa shilingi elfu kumi na moja. Tukaichagua. Tiketi ya Ukunda tuliinunua sisi wenyewe kwa simu, tumekaa barazani, na tukafurahi kuwa atafika kabla ya Magharibi.

Ndege yake ilipaswa kutua Nairobi saa nane kasoro dakika kumi mchana. Ya Ukunda ilikuwa iondoke saa tisa na nusu. Tulihesabu saa moja na dakika arubaini, tukaona ni nyingi. Mpangoni mwetu hatukuhesabu foleni, wala mizigo, wala kuchelewa.

Mamake alifariki saa nne asubuhi, naye binti yu angani. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wazee wakasema mazishi yawe baada ya Alasiri, ili mtoto awahi walau kumwona. Sisi wanawake tulikuwa na jambo letu: tulitaka amwoshe mamake pamoja nasi, kwani hiyo ni haki ya mwana na ni hidima ya mwisho. Maji tukayaweka tayari, majani ya mkunazi yakapondwa, kafuri ikaletwa, na sanda ikakatwa. Tukangoja.

Ndege ilitua kwa kuchelewa dakika thelathini na tano. Alipomaliza foleni ya paspoti ilikuwa saa tisa na dakika tano. Sanduku lake lilipotokea, kaunta ya safari ya Ukunda ilikuwa imefungwa zamani. Hapakuwa na nyingine siku ile. Akatupigia simu saa tisa na nusu, na hakuna aliyejua la kumwambia. Sunna ni kuharakisha kumzika maiti, na wazee wakaona asingojeshwe zaidi. Tukamwosha sisi. Binti alipanda basi la usiku, akabisha hodi nyumbani wakati wa Alfajiri.

Hakutulaumu. Alikaa kitandani pa mamake, akauliza jambo moja tu: "Mama mdogo, nani alimsuka nywele?" Tukamwambia: "Ni sisi, mwanangu. Tulimsuka misuko mitatu." Akaitikia kwa kichwa.

Mauti yana ajali yake, haitangulii wala haichelewi, na hilo tumeliridhia. Lakini ile saa moja na dakika arubaini haikuwa kadari tuliyoandikiwa bila ya mkono wetu. Tuliipanga wenyewe. Mtume wetu (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Sisi tulitegemea bila ya kufunga.

Saa zinakokwenda

Wengi wetu tunapoona saa ya kutua kwenye tiketi, hudhani ndiyo saa ya msafiri kuwa huru. Sivyo. Atokaye nje ya nchi na kuunganisha safari ya ndani ana vituo vingi vya kupita, na kila kimoja kinakula dakika zake. Sisi sasa tunahesabu hivi kwa Nairobi: dakika 20 za ndege kusimama, milango kufunguliwa na watu kufika ukumbini, dakika 45 za foleni ya paspoti, dakika 40 za kungoja mizigo, dakika 15 za forodha, na dakika 20 za kutoka jengo la safari za nje hadi jengo la safari za ndani. Kisha ondoa dakika 45, kwa sababu kaunta ya mizigo hufungwa kabla ya ndege kuondoka. Jumla ni dakika 185, yaani saa tatu na dakika tano, na hapo ndege haijachelewa hata kidogo. Siku nyepesi zitapungua. Lakini ndege tatu kubwa zikitua kwa pamoja, zitazidi.

Lipo pia suala la tiketi moja na tiketi mbili, na hapa ndipo tulipokosea zaidi. Safari nzima ikiwa kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni juu ya shirika kumtafutia abiria nafasi katika ndege inayofuata. Tiketi zikiwa mbili, zilizonunuliwa mbali mbali, shirika la pili halina habari na la kwanza. Kwake yeye, abiria hakutokea, na pesa zake huenda zikapotea zote. Kwa hiyo bei ndogo ya tiketi mbili ni bei ya kubeba hatari mwenyewe. Anayeichagua na ajue anachokichagua, na aongeze saa.

Kuna la uwanja nalo. Ndege za Ukunda haziondoki mahali pamoja zote. Nyingine huondoka Uwanja wa Jomo Kenyatta, nyingine huondoka Uwanja wa Wilson, ambao uko upande mwingine wa jiji. Anayetua Jomo Kenyatta na kuruka kutoka Wilson ana safari ya gari katikati, na misongamano ya Nairobi haina ahadi. Katika tiketi na vibandiko vya mizigo, viwanja huandikwa kwa herufi tatu, nasi ni vyema tuzijue: NBO ni Jomo Kenyatta, WIL ni Wilson, MBA ni Mombasa, na UKA ni Ukunda. Msafiri anapokabidhi sanduku lake huko atokako, na aangalie kibandiko. Kikiandikwa NBO, sanduku litaishia Nairobi, na ni lazima alichukue yeye mwenyewe na kulikabidhi upya. Kikiandikwa MBA, na aulize pale pale kaunta kama kuna haja ya kulitoa njiani kwa ajili ya forodha. Swali hilo huchukua dakika moja.

Mwisho ni uzani. Atokaye Ghuba huruhusiwa mara nyingi masanduku mawili makubwa. Ndege ndogo ya ndani huenda ikamruhusu kilo chache tu, na zinazozidi hulipiwa. Mahujaji na waliotoka Umra wana kile kiboksi cha Zamzam pia. Mambo haya na yaulizwe kabla, si mbele ya kaunta huku saa ikikimbia.

Hesabu ya usiku

Tumeona watu wakikosa ndege si kwa foleni bali kwa hesabu ya siku. Kwa hesabu yetu ya Kiislamu, na ya wazee wetu wa Pwani, siku huanza Magharibi ikiingia. Usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Mashirika ya ndege hubadili siku saa sita ya usiku. Tiketi ikisema Ijumaa 00:40, ni saa sita na dakika arubaini za usiku wa kuamkia Ijumaa. Msafiri anatakiwa awe uwanjani Alhamisi, kiasi cha saa nne kasorobo za usiku. Atakayekwenda Ijumaa baada ya Isha atakuta ndege yake imeondoka tangu jana. Katika jambo hili wazee wetu wanaweza kuwa wasomaji wazuri wa tiketi kuliko vijana, wakielezwa mara moja.

Tukumbuke pia kuwa Saudia na Qatar zina saa moja na sisi, ilhali Dubai na Muscat ziko mbele yetu kwa saa moja. Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi, na mbili wakati wa joto. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za mahali penyewe, za kuondoka na za kufika.

Ushauri wetu

Kwanza, panapopatikana tiketi moja hadi Mombasa, ichukuliwe hata ikizidi bei kidogo. Anayeunganisha nje, kama vile Addis Ababa, na kutua moja kwa moja Uwanja wa Moi, paspoti na forodha huzimaliza Mombasa, karibu na nyumbani, na hana ndege nyingine ya kuikimbilia. Kutoka hapo iko feri ya Likoni, na iko barabara ya Dongo Kundu kutokea Miritini, inayomfikisha upande wa Kwale bila ya kuingia kisiwani.

Pili, ikibidi kupitia Nairobi, tiketi moja iachiwe saa tatu. Tiketi mbili ziachiwe saa nne au tano. Ikiwa kuna kuhamia Wilson, zisipungue tano. Na asipangiwe ndege ya mwisho ya siku. Safari za Ukunda ni chache kuliko za Mombasa, kwa hivyo anayeikosa ya Mombasa ana matumaini zaidi ya kupata nyingine siku ile ile. Asiyepata, kituo cha treni cha Syokimau hakiko mbali na uwanja, na treni humleta Miritini. Lakini tiketi za treni nazo huisha, hasa siku za Idi na shule zinapofungwa.

Tatu, mabinti zetu waendao kazini Ghuba waulize kabla ya kutia saini: tiketi ya kurudi inaishia wapi? Ikiishia Nairobi, na aweke akiba ya nauli ya kufika kwao, na jina la jamaa wa kumpokea akichelewa. Mwanamke aliyekesha njiani na masanduku mawili na pesa za miaka miwili hafai kuachwa uwanjani peke yake usiku.

Nne, watoto waliozaliwa nje wenye paspoti za kigeni peke yake waangaliwe mapema. Tangu Januari 2024 Kenya iliacha viza na kuweka idhini ya kusafiri inayoombwa kwa intaneti kabla ya safari. Mzazi akiwa na paspoti ya Kenya na mtoto akiwa na ya Ulaya, foleni zao huenda zikawa mbili, na dakika zao pia.

Tano, sanduku lisipotokea, msafiri asitoke ukumbini bila ya kuandikisha taarifa na kupewa nambari. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imo, unataka malalamiko ya mzigo ulioharibika yaandikwe ndani ya siku 7, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu kuupokea.

Wako watakaosema tunazidisha hofu. Tukumbuke 7 Agosti 2013, siku za mwisho za Ramadhani, watu wakirudi makwao kwa Idi. Moto uliteketeza ukumbi wa wanaowasili katika Uwanja wa Jomo Kenyatta, na ndege zikaelekezwa viwanja vingine, Mombasa kikiwamo. Hakuna saa za ziada zinazotosha siku kama ile. Lakini foleni, mvua na ndege iliyochelewa nusu saa ni mambo ya kila wiki, na hayo yanapangika.

Saa za kungoja hazipotei. Msafiri amepewa ruhusa ya kupunguza Sala na kuzijumuisha, Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Mwenye saa nne uwanjani atatawadha kwa utulivu, atasali, atakula, atapiga simu nyumbani na kusema yuko salama. Mwenye saa moja atasali moyoni mwake tu, akikimbia.

Na sisi tulio nyumbani, tunapompigia mtu wetu simu, tuache kumwambia "njoo leo leo" pasi na kuuliza anakuja vipi. Tumuulize: umeacha saa ngapi? Binti yetu amesharudi Doha. Likizo ijayo, inshallah, atateremkia Mombasa, kwa tiketi moja. Mara hii tumeichanga sote, hata zile elfu kumi na moja.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na awafikishe salama walio njiani. Amin. Wabillahi tawfiq.