Unataka kuzamia kwenye matumbawe hai? Uliza haya kabla hujalipa

Picha za mtandaoni ni tamu: maji ya buluu, samaki wa kila rangi. Shida ni kwamba picha haina tarehe. Mwamba uliopendeza miaka 10 iliyopita leo unaweza kuwa kifusi cha kijivu, na ukishalipia boti na mtungi wa hewa, hela hairudi.

Kwa nini matumbawe hufa?

Tumbawe ni mnyama, si jiwe. Ndani yake huishi viumbe vidogo vya jamii ya mwani vinavyompa chakula na rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 hivi kwa wiki kadhaa, mwani huo hutoka na tumbawe hubaki jeupe. Joto likishuka mapema, linapona. Likikaa, ndio basi.

Mwaka 1998 joto la El Niño liliua matumbawe mengi magharibi mwa Bahari ya Hindi. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba matumbawe yanapauka tena duniani kote, ikiwa ni mara ya nne.

Mambo 4 ya kuangalia

1. Nani analinda? Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza Tanzania, ilianzishwa 1995. Imegawanywa kanda, na si zote zinazokataza uvuvi, kwa hiyo uliza unapelekwa kanda ipi. Kenya, pale Shimoni, Kisite hairuhusiwi kuvua kabisa, ila jirani yake Mpunguti uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa.

2. Maji yanatoka wapi? Mwamba ulio karibu na kina kirefu mara nyingi hupata nafuu, maana maji baridi ya chini hupanda. Ndiyo sababu wazamiaji wengi huifuata Pemba na kisiwa cha Misali: mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita.

3. Samaki gani wapo? Chewa wakubwa wakionekana, wavuvi hawajamaliza eneo. Pono hula mwani unaoyabana matumbawe. Kikande hula wale viumbe wa miiba mirefu inayochoma miguu. Kikande wakivuliwa wote, viumbe hao huzaana na kuutafuna mwamba.

4. Msimu gani? Masika, hasa Aprili na Mei, mito huleta tope na huoni mbali. Kati ya Oktoba na mwanzoni mwa Machi maji huwa safi zaidi sehemu nyingi za pwani.

Swali la mwisho kwa mwenye boti

Muulize: "Mwamba huu ulipauka 2024? Sasa hivi ukoje?" Anayekujibu wazi, hata kama jibu si zuri, anaujua mwamba wake. Anayesema kila kitu kiko poa, mtilie shaka. Uliza pia kama anafunga boti kwenye boya au anatupa nanga, kwani nanga moja huvunja kilichokua kwa miaka mingi.

Na huna haja ya mtungi kila mahali. Chumbe, karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, watalii hawaruhusiwi kuzamia kwa mtungi. Wanaelea juu tu na miwani, na mwamba wake ni kati ya iliyotunzwa vizuri zaidi ukanda huu.