Uhifadhi wa Nakala za Data za Uwandani Penye Intaneti ya Kasi Ndogo: Mfano wa Kibaha na Kisarawe

Mtafiti wa fasihi simulizi ya Kizaramo anayeishi Kibaha au Kisarawe huweka sauti za wazee aliowarekodi katika kompyuta moja, nyumbani. Kompyuta hiyo ikiibwa au ikiungua, msimulizi aliyekwisha kufariki hawezi kurekodiwa upya. Njia inayopendekezwa mara nyingi ni kutuma nakala kwa intaneti hadi hifadhi iliyo mbali. Makala haya yanaonyesha kwa nini njia hiyo, peke yake, haitoshi.

Hesabu yenyewe ni hii. Sauti ya stirio iliyorekodiwa kwa kiwango cha diski za muziki, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde zenye biti 16, huchukua megabaiti 635 hivi kwa saa. Saa 100 za masimulizi ni gigabaiti 63.5. Kasi ya kupakia ikiwa megabiti 1 kwa sekunde, kazi itachukua saa 141, karibu siku 6 usiku na mchana, tena umeme usikatike. Ieleweke pia kwamba kasi wanayotangaziwa wateja kwa kawaida ni ya kupakua. Ya kupakia mara nyingi huwa ndogo zaidi. Kebo ya SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, ilipanua njia ya kuingia nchini, si kipande cha mwisho kinachofika nyumbani.

Kibaha, hata hivyo, iko kiasi cha kilomita 40 tu kutoka Dar es Salaam. Diski yenye saa zote 100 ikipakiwa katika daladala na kufika Mlimani kwa saa 3, foleni ya Kimara ikiwamo, itakuwa imesafirisha data kwa megabiti 47 kwa sekunde. Kwa shehena ya kwanza, basi, barabara inaushinda mtandao.

Intaneti ibakiziwe nyongeza za kila siku. Saa moja ya rekodi mpya hupita kwa dakika 85, na ikibanwa kwa FLAC, mbano usiopoteza sauti, muda huo huweza kupungua hadi karibu nusu. (MP3 hubana zaidi, lakini hutupa sehemu ya sauti, hasara ambayo mwanafonetiki hawezi kuivumilia.) Programu ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, hutuma tofauti tu kati ya nakala mbili, na ikiagizwa hivyo huendelea pale ilipokatikia. Diski ya ziada ya mtafiti wa Kibaha ni vema itunzwe na mwenzake wa Kisarawe, na ya Kisarawe itunzwe Kibaha. Kila inaporudishwa kuongezewa rekodi, faili chache zifunguliwe na kusikilizwa.