Ronald Koeman: Beki Mfungaji, Kocha Asiyetulia (2)

Wiki iliyopita tulimwacha Koeman Wembley, Mei 20, 1992, faulo yake ya muda wa nyongeza ikiwa imeipa Barcelona Kombe la Ulaya mbele ya Sampdoria. Beki wa kati huyo alistaafu na mabao zaidi ya 200. Washambuliaji wangapi wanaifikia hesabu hiyo? Hakuwa na mbio. Kocha wake Barcelona, Johan Cruyff, alimtaka kwa pasi zake ndefu, shambulizi lianzie miguuni mwa mtu wa nyuma.

Kwa ukocha, ni yeye tu aliyecheza na kufundisha vigogo vyote vitatu vya Uholanzi: Ajax, PSV na Feyenoord. Ubingwa wa 2007 akiwa PSV aliupata siku ya mwisho, akiizidi Ajax kwa tofauti ya bao moja. Lakini hakaliki naye. Pale Valencia aliwaweka kando kipa Cañizares, nahodha Albelda na Angulo, wenyeji wa klabu hasa. Aprili 2008 akatwaa Kombe la Mfalme, na siku chache baadaye akafukuzwa, maana kwenye ligi timu ilikuwa inachungulia shimo la kushuka daraja.

Sisi tulimwona kwa macho. Julai 13, 2017, akiwa kocha wa Everton, aliileta timu hiyo Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kucheza na Gor Mahia ya Kenya. Wayne Rooney, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi nyumbani Everton, alifumua shuti la mbali likatinga wavuni. Jacques Tuyisenge akasawazisha, kisha Kieran Dowell akaipatia Everton ushindi wa 2-1.

Raha ya Rooney ilificha pengo. Siku hizo hizo Romelu Lukaku, mfungaji wao tegemeo, alikuwa ameuzwa Manchester United. Miongoni mwa walioletwa ni Rooney, Davy Klaassen na, Agosti, Gylfi Sigurdsson: namba 10 watatu wanaogombea nafasi moja, huku mbele hakuna wa kumalizia. Klabu nayo ilikuwa na mkurugenzi wake wa soka, kwa hiyo lawama si za kocha peke yake, ila aliyepanga kikosi ni yeye. Oktoba 22 Arsenal iliwafunga 5-2 kwao Goodison Park, wakaangukia nafasi ya 18. Kesho yake Koeman akatimuliwa.

Februari 2018 Uholanzi ikamkabidhi timu ya taifa. Hapo ndipo tutakapoanzia wiki ijayo, kabla ya kumfuata Barcelona.