Mazao ya Usambara na soko la nchi nane

Msimu wa matunda ukifika, plamu, pichi na peasi za Lushoto hushuka kwenda Tanga na Dar es Salaam, na huko hukutana na matufaa ya Afrika Kusini yaliyong'arishwa na kubandikwa nembo. Matufaa hayo yameletwa mezani na sera. Tanzania imo ndani ya Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC, ambayo ilizindua eneo lake huru la biashara mwaka 2008, na imo pia ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Umoja wake wa Forodha ulianza kazi Januari 2005. Julai 2022 nchi za Afrika Mashariki ziliyaweka matunda ya nje katika kundi jipya la ushuru wa asilimia 35. Lakini bidhaa za wenzetu wa kusini zina mlango wao wa SADC. Mkulima wa Lushoto analindwa upande mmoja na kushindanishwa upande wa pili.

Ushindani huo siulaumu. Ninacholaumu ni kuuendesha kwa matamko. Aprili 2025, baada ya Afrika Kusini kuzuia ndizi zetu kwa miaka, Waziri wa Kilimo Hussein Bashe alitangaza kuzuia mazao ya nchi hiyo na ya Malawi. Siku chache baadaye zuio likaondolewa ili mazungumzo yaendelee. Mwenye mti wa peasi unaohitaji miaka kadhaa ndipo uzae hawezi kupanga chochote juu ya zuio la aina hiyo.

Kilicho karibu zaidi na Usambara ni Kenya. Ukisimama Mtae, ukingoni kabisa mwa milima, tambarare ya Mkomazi imelala chini yako kuelekea mpakani. Kutoka Mombo lori lina njia mbili: kwenda Tanga kisha kilomita 65 za lami hadi Horohoro na kuelekea Mombasa, au kupita Same na Himo hadi Holili. Pande zote mbili pana kituo cha pamoja cha forodha, maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Mboga iliyolimwa Tanzania haitozwi ushuru wa forodha, na mzigo usiozidi dola 2,000 unaruhusiwa kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Itifaki ya Soko la Pamoja ina nguvu tangu Julai 2010, na jumuiya sasa ina nchi nane baada ya Somalia kujiunga. Kwenye karatasi, hili ni soko la mkulima mdogo.

Faida, hata hivyo, haipandi mlima, na sababu inaonekana kwenye soko la Lukozi. Kabichi hupangwa kwa mkono juu ya lori la Fuso, nyanya huingia kwenye matenga. Gunia la viazi likijaa halifungwi: mdomo wake hushonewa kipande kingine, viazi vikaongezwa mpaka gunia lifanye kichuguu. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini bei inatajwa kwa gunia, si kwa kilo, na anayesema gunia limejaa ni mnunuzi. Dalali anajua bei ya Dar es Salaam ya asubuhi hiyo, na anajua pia kwamba nyanya haisubiri kesho. Mkulima anaona lori tu.

Si mara ya kwanza milima hii kuzidiwa na walio barabarani. Ufalme wa Wakilindi, wenye makao yake Vuga, uliishi kwa kodi zilizopanda kutoka vijijini. Misafara ya pembe na watumwa ilipozidi bondeni, Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri ye Nyumbai, alijiweka Mazinde chini ya mlima, akafanya biashara na wapwani na kujipatia bunduki. Kabla ya miaka ya 1860 kwisha, mtawala wa Vuga, mjukuu wa Kimweri, alikuwa ameng'olewa. Mali ilihamia kwa aliyeshika njia.

Leo njia inashikwa kwa vyeti. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kisha ikalegeza ndani ya siku chache na kudai uthibitisho wa usalama wa kila mzigo. Ushuru ulikuwa sifuri siku hiyo kama siku nyingine, na malori yakakwama vilevile. Kwa mboga na matunda, cheti cha afya ya mimea hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na mwenye kukiomba ni mwenye mzigo. Ukiuza shambani, mzigo si wako tena, wala nafuu ya kuvuka mpaka si yako.

Ndiyo maana agizo la Julai 2025 linanitia shaka. Serikali ilipiga marufuku wageni kufanya biashara 15, ukiwemo ununuzi wa mazao shambani, na Kenya ikalalamika kwamba Soko la Pamoja linavunjwa. Nia ya kumlinda mwananchi ninaiheshimu. Lakini mwananchi yupi? Mnunuzi wa Mombasa asipoweza kufika shambani Malindi ya huku Lushoto au Shume, atampitia dalali wa Kitanzania. Dalali amelindwa, mkulima amepungukiwa na mnunuzi mmoja.

Chai inasimulia upande wake wa habari hiyo. Kwa miongo mingi chai yetu imeuzwa kwenye mnada wa Mombasa, na Novemba 2023 Tanzania ikafungua mnada wake Dar es Salaam. Ni hatua njema, ila mnada hauchumi majani. Kiwanda cha Mponde, Bumbuli, kilifungwa mwaka 2013 na kukaa kimya kwa miaka, wakulima wakiwa na chai isiyo na pa kwenda.

Halmashauri za Lushoto na Bumbuli zina uwezo wa kuanza bila kusubiri mkutano wa mawaziri Arusha. Zikubaliane na Wakala wa Vipimo mazao yauzwe kwa kilo. Ziiombe TPHPA ikague na kutoa vyeti siku za soko, huku juu, kwa jina la kikundi cha wakulima. Nanyi wakulima, msiuze gunia mmoja mmoja: jiungeni, pimeni, na ombeni cheti kabla lori halijafika.